Wanaolala Bomani

Dorchester, Boston
20 Januari 1988

Shangazi Gobnait mpendwa,

Kaa kitako kwanza, na kikombe cha chai kiweke mbali usije ukakimwaga. Kile kitabu changu, *Mpenzi wa Bomani*, kimekwisha madukani mara mbili, na sasa kinachapishwa tena! Wanawake wa huku wamechanganyikiwa na kijana wangu wa Watu Wema, wale majini wa kwetu, aliyelala miaka elfu chini ya boma mpaka akaamshwa na msichana aliyepotea kwenye ukungu. Mmoja wa Ohio ameniandikia kwamba amemwacha mchumba wake kwa sababu hafanani naye hata kidogo.

Na yote yametoka kwetu, Shangazi. Yametoka kwenye lile duara la mawe na miti ya miiba katika shamba la Baba. Kila nilipougua alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda changu na kunisimulia habari za boma lile. Nilichofanya ni kuongeza busu tu hapa na pale.

Sasa sikia. Wachapishaji wangu wanawaleta wasomaji arobaini huko nyumbani Kerry kwa ajili ya Bealtaine, siku ya kwanza ya Mei, na sherehe itafanyika humo humo bomani. Shamba ni langu tangu Baba alipofariki, kwa hiyo sina wa kumwomba ruhusa. Nimeshaongea kwa simu na Jer Falvey mwenye katapila. Ataing'oa ile miiba yote, atasawazisha ndani na kumwaga kokoto, halafu tutaweka sakafu ya mbao na shimo la moto katikati. Wewe ndiye utakayewasimulia wageni. Nitakuletea shali mpya ya kuvaa siku hiyo.

Mwanao,
Orlaith


Cloghnasceach, Kerry
1 Februari 1988, Siku ya Brigid

Orlaith mwanangu,

Mzuie Jer asije. Nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu tangu mwaka 1959.

Bomani wamezikwa watoto. Ni wale waliozaliwa wakiwa wameshakufa, au waliokata roho kabla padri hajafika na maji ya ubatizo. Kwenye makaburi ya Kanisa hawakupokelewa. Baba au mjomba alibeba kisanduku jua likizama, akachimba mahali ambapo hakuna atakayelima, akarudi nyumbani, na hakuna aliyemwuliza alikotoka. Hawakuwekewa msalaba wala jina. Ndiyo maana tukawatisha watoto wetu kwa habari za Watu Wema, ili wasiende kucheza juu yao.

Mmoja wao ni wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na mume wangu Donncha alikuwa London akichimba mahandaki. Mkunga alimfunika kitambaa nisimwone, akampa kaka yangu Con. Ndiyo, baba yako. Alirudi na tope magotini, akala viazi vyake. Sikumwuliza amemlaza wapi. Mwezi wa tisa akapanda meli kwenda huko Boston. Hata kama mtoto alikuwa wa kiume au wa kike sikuambiwa, na niliona aibu kuuliza, kama mtu anayedai kisicho chake. Donncha alirudi Krismasi, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kuongea habari za mvua. Tuliishi hivyo mpaka akafa, na mwingine hatukupata.

Hapana, hii haiendi posta. Nitakuandikia nyingine kesho.


Cloghnasceach
2 Februari 1988

Orlaith mwanangu,

Hongera sana kwa kitabu. Nimekisoma mpaka ukurasa wa thelathini, pale kijana wako anapovua shati katikati ya Novemba. Nikakifunga, maana nilijua kinachofuata ni homa ya mapafu.

Kuhusu boma, nakusihi uachane nalo. Unajua hao wenyewe hata jina lao halisi hatulitaji, tunawaita Watu Wema ili wasikasirike. Mike Lyne alikata tawi moja tu la kumchapia punda, mdomo ukamwenda upande, na upande huo huo ndiko ulikobaki mpaka tunamzika. Binamu yake alichukua mawe mawili pale akajengea banda, ng'ombe watatu wakakauka maziwa kwa wiki moja. Tena unataka kuja Bealtaine! Siku hiyo sisi hatumpi jirani hata kaa la moto wala kikombe cha maziwa kuvuka kizingiti, wewe unataka kuwawashia moto kichwani.

Wapeleke wageni wako ufukweni. Nitawapikia nyama ya nguruwe na kabichi, na hadithi watazipata hukohuko mezani.

Shangazi yako,
Gobnait


Dorchester
16 Februari 1988

Shangazi,

Wewe ni dhahabu! Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini kwa wachapishaji, mpaka mhasibu ametoka chumbani kwake kuja kusikiliza. Mike Lyne na mdomo wake wameingia kwenye kitabu cha pili, nimembadilisha jina tu. Ile habari ya moto wa Bealtaine tumeichapisha kwenye kadi za mwaliko, na chini yake tumeandika: *Njoo kama unathubutu.* Wamejiandikisha kumi zaidi, sasa ni hamsini.

Endelea kunitisha, tafadhali. Ukikumbuka nyingine niandikie upesi, hasa kama ina kilio cha mtoto. Baba aliwahi kuniambia wapo waliosikia mtoto akilia bomani, lakini nilipomwuliza alikuwa mtoto wa nani, aliinuka akaenda kufunga dirisha.

Wako,
Orlaith


Cloghnasceach
10 Machi 1988

Bi Orlaith Sugrue,

Mimi si mwandishi, kwa hiyo utanisamehe. Naandika kuhusu ile kazi ya boma.

Shangazi yako amekuja kwangu Jumapili na chupa ya wiski na keki ya tofaa. Aliniuliza kama mgongo unaniuma. Nikasema hapana, nashukuru Mungu. Akasema, "Jer, mgongo wa mtu wa katapila unaweza kuuma wakati wowote, hata mwezi mzima wa Aprili." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Halafu nimesikia kwamba alipanda basi mpaka Tralee kuangalia ramani za serikali, kama kuna sheria ya kulilinda boma. Halimo, ni dogo mno. Wanasema alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ile saa nzima.

Mimi mambo ya Watu Wema siyaogopi sana. Lakini mama yangu, marehemu, hakupita pale hata siku moja bila kufanya ishara ya msalaba, na nilipomwuliza sababu alinizaba kofi. Kama kuna jambo mnalijua nyinyi wawili, niambieni kabla sijawasha mashine. Kama hakuna, nitaanza tarehe ishirini Aprili.

Wako mtiifu,
Jeremiah Falvey


Dorchester
22 Machi 1988

Shangazi,

Jer ameniandikia. Kwa hiyo huku unanitumia hadithi na kunipongeza, na huko nyuma unamhonga mtu wiski ajifanye mgonjwa, tena unanitafutia sheria ya kunizuia kwenye shamba langu mwenyewe?

Nimekaa na jambo hili siku tatu, na sasa nadhani nimeelewa. Ni ardhi, sivyo? Ulitegemea Baba atakuachia wewe, akaniachia mimi, Myanki wa Marekani. Ungesema hivyo tangu mwanzo ningekuheshimu zaidi. Badala yake unanizungusha na vijini vya kuwatishia watoto, kama vile mimi sina akili.

Hii ndiyo nafasi pekee niliyowahi kupata maishani. Wachapishaji wakivunjwa moyo sasa, kitabu cha pili hakipo, nami nitarudi kupiga chapa barua za watu wengine. Nimekitoa kitabu hiki tumboni mwangu. Wewe hukuzaa, Shangazi, huwezi kujua ni nini kuwa na kitu chako kimoja duniani na mtu akataka kukuondolea.

Jer ataanza tarehe ishirini. Nimeshamjibu kwamba hakuna jambo lolote la kujua.

Orlaith


Cloghnasceach
5 Aprili 1988

Orlaith,

Umeandika kwamba mimi sikuzaa. Nilizaa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyokuandikia Siku ya Brigid nikashindwa kuituma. Isome yote, kisha mpigie Jer simu siku hiyohiyo. Mimi simu sina, na kumweleza mwanaume huyu ana kwa ana siwezi, najijua. Ardhi chukua yote, nitakuandikia hata karatasi ya kukubali. Mimi ninaomba ile miiba tu na kilichomo ndani yake.

Nilikosea kukuzungusha. Kila nilipotaka kukuzuia nilikupa hadithi, nawe hadithi ndicho chakula chako.

Gobnait


Chicago (kadi ya posta)
9 Aprili 1988

Shangazi, wachapishaji wananizungusha miji kumi na mbili kusaini vitabu, nalala hoteli hii leo na ile kesho. Nyumbani narudi tarehe 28, barua zote zinanisubiri huko. Bado nimeudhika, lakini yale maneno ya kuzaa hayakuwa ya kumwambia mtu mzima. Tutayamaliza Bealtaine. O.


Cloghnasceach
21 Aprili 1988

Orlaith,

Kadi yako imefika juzi, kwa hiyo najua hujasoma kitu, na hii pia utaikuta sakafuni mlangoni pamoja na ile nyingine. Naandika hivyohivyo. Nisipoandika nitapasuka.

Jana asubuhi nilibeba kiti cha jikoni nikakiweka kwenye pengo la kuingilia bomani, nikakaa na rozari mkononi. Nilijiambia kwamba Jer ni mtu wa adabu, akimwona mama amekaa njiani atageuza mashine bila kuuliza, nami sitalazimika kusema neno. Kumbe alikuja kupitia shamba la chini kwa sababu ya tope, akaanza upande wa kusini. Nilisikia miiba ikikatika nyuma yangu. Niliinuka nikakimbia, mimi na magoti haya. Alikuwa ameshang'oa minne.

Nilimpungia mikono, naye akanipungia, akidhani namsalimia. Basi nikapiga kelele. Kitu nilichokificha miaka ishirini na tisa, nilichoshindwa kumwambia mume wangu kitandani, nilikitoa kwa sauti ya kushindana na injini ya katapila. "Jer! Zima! Mtoto wangu yumo humo!"

Akazima. Alidhani mtoto ameingia kucheza, akaruka chini na uso mweupe kama chokaa, anatazama chini ya mashine. Ikabidi nimweleze polepole, na hilo lilikuwa gumu kuliko kupiga kelele.

Alivua kofia. Kisha akauliza, "Na mama yangu je?" Sisi wanawake tulijuana, Orlaith, ingawa hatukusemezana. Nikamwambia, "Wawili, Jer. Mmoja mwaka arobaini na saba, mmoja hamsini na moja. Baba yako ndiye aliyewaleta." Akakaa palepale kwenye tope, mwanaume mzima wa kilo mia, akasema, "Miaka yote nilijua mimi ni mtoto wa pekee."

Ile miti minne ameirudishia yote kwa mikono yake, akaishindilia udongo kwa buti. Lakini katika udongo alioupindua niliona mawe madogo yaliyopangwa mstari, na mstari ule sasa umevurugika. Sijui ni wa nani. Sijui kama wangu ni mmoja wao. Aliyejua ni Con peke yake, na Con yuko kwenye udongo wa Boston. Nilikuwa nimezoea kutojua mahali. Sasa sijui kama mahali penyewe pangalipo, na hilo siliwezi.

Gobnait


Dorchester
28 Aprili 1988

Shangazi yangu,

Nimeingia saa nne asubuhi, nimezisoma barua zako zote tatu nikiwa bado na koti mwilini. Kwanza nilimpigia Jer. Anasema pengo la boma amelifunga kwa lango, na ufunguo amekupa wewe. Kisha nikawapigia wachapishaji. Wamenifokea, na sijui kama kitabu cha pili kipo tena. Wageni watapelekwa Killarney kuangalia ziwa. Mimi sitakuwa nao. Nilikuambia hukuzaa, na sijui nitaanzia wapi kuomba msamaha, kwa hiyo naanza na kitu ambacho ni chako.

Hadithi ya Baba haikuwa na kijana wa kiume. Huyo nimemtunga mimi, kwa sababu hakuna atakayenunua kitabu cha mapenzi chenye mtoto aliyelala. Katika hadithi ya Baba alikuwa msichana. Msichana mdogo sana, mwenye nywele nyeusi, nyingi, "nyingi kuliko unavyodhani," ndivyo alivyosema kila mara. Alilala upande wa mashariki ili jua limfikie yeye kwanza. Kutoka kwenye pengo ulihesabu hatua tisa kwa mkono wa kulia, ukigusa mawe ya ukuta, mpaka kwenye jiwe jeupe lililoletwa mfukoni kutoka ufukweni. Sikuyatia hayo kitabuni kwa sababu niliona yanachosha. Hatua tisa, jiwe jeupe, nani angejali?

Na nilimwuliza, kama watoto wanavyouliza, kama msichana yule anasikia baridi. Akasema, "Hapana. Nilimfunika koti langu."

Alisema "nilimfunika." Nilidhani anajitia mwenyewe kwenye hadithi ili kunifurahisha. Nilikuwa na miaka sita.

Ni mashariki, Shangazi. Katapila halikufika huko.

Orlaith


Cloghnasceach
8 Mei 1988

Orlaith mwanangu,

Barua yako imefika jana na posta ya asubuhi. Niliisoma nimesimama mlangoni kwangu, sikurudi hata kulizima jiko, nikaenda moja kwa moja bomani.

Hatua tisa za Con ni kumi na mbili zangu. Nilifika kwenye miiba na sikuona kitu, ni majani matupu na kuvu. Nilipiga magoti nikapapasa, nikaanza kukukasirikia tena, nikijiambia umeniandikia hadithi nyingine. Kisha vidole vikagusa kitu laini, na kuvu likabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Ni jeupe. Linaenea kwenye kiganja.

Mama yetu alimgombeza Con wiki nzima kwa kupoteza koti lake la Jumapili. Alimwita mlevi, mpotevu, mtu asiyejua thamani ya kitu. Mimi nilikuwa kitandani chumba cha pili nasikia yote, nikamwona kweli ni mzembe. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Umeomba msamaha. Nimekusamehe, lakini usidhani haikuuma, iliuma vibaya. Nami nisamehe, maana ningesema Februari, wale wa upande wa kusini wasingeguswa. Jer amewapangia mawe upya kadiri alivyoweza. Jumapili walikuja wanawake wanne, hatukuwaita, wakasimama nje ya lango na mikoba yao mpaka nikawafungulia. Mmoja ana miaka themanini na moja.

Basi ni msichana. Nimekuwa nikisema neno hilo nyumbani peke yangu tangu jana, nikiosha vyombo, nikiwalisha kuku. Na jana jioni nimempa jina. Nilipiga magoti pale nikamwita kwa sauti, kama mama anavyomwita mwanawe aje kula.

Jina lenyewe sikuandikii, kwa sababu wewe ni mwandishi. Njoo peke yako, acha kalamu Boston, nami nitakutajia tukiwa tumesimama mbele yake.

Shangazi yako,
Gobnait